Historia ya Marehemu Emerensiana Mbonde na Waya Wake wa Mnazini

Baba Paroko, ndugu zangu na wafiwa wenzangu, Tumsifu Yesu Kristo, na majirani zetu Waislamu mliofika na swaumu zenu tangu asubuhi, Assalaam aleikum. Naitwa Benjamin Ngwale, mdogo wake mume wa marehemu, nami nimepewa kusoma haya kwa sababu kaka yangu Kornelio amesema leo sauti haimtoki.

Marehemu Emerensiana alizaliwa tarehe 14 Septemba 1958, Kipatimu, katika vilima vya Wilaya ya Kilwa, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Benedikto Mbonde na mama Theresia, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha sekondari ya wasichana mkoani Mtwara, alikohitimu mwaka 1977.

Mwaka 1979 aliajiriwa hospitalini, kwenye chumba cha simu ya upepo, kazi aliyoifanya kule vilimani na baadaye hapa Kilwa Masoko, enzi ambazo barabara zilikatika kila masika na mjamzito akizidiwa kijijini hapakuwa na njia nyingine ya kumpata daktari, na mpo mliokaa hapa leo mliozaliwa salama kwa sababu yeye aliita mpaka akajibiwa. Simu za mkononi zilipoenea ile mashine ilifunikwa kitambaa, naye akahamishiwa mapokezi hadi alipostaafu mwaka 2018.

Alifunga ndoa na Kornelio tarehe 6 Juni 1981, wakajaliwa watoto wawili, Petro na Flora, na wajukuu watano. Kaka yangu alioa mwanamke aliyezoea kuita kwa sauti kubwa, na mimi shemeji yake naweza kusema leo bila woga kwamba katika nyumba ile hakuna aliyewahi kudai hakusikia ameitwa.

Alipostaafu alitueleza hamu yake, kwamba maisha yake yote ameita kwa ajili ya wagonjwa, damu na maiti, na kabla hajafa anataka amwite mtu wa mbali kwa salamu tu, na ajibiwe. Mapema mwaka 2019 akapata leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaozungumza na wenzao wa nchi nyingine kwa kupenda tu, Petro akamletea redio iliyotumika kutoka Dar es Salaam, na antena akaitengeneza mwenyewe kwa waya wa shaba na vipande vya dumu la mafuta vya kushikia ncha, upande mmoja akaufunga kwenye mti wake wa mkungu, upande wa pili ukataka mti mrefu zaidi, na mti huo ulikuwa mnazi wa jirani yake, Bi Mwanaasha.

Bi Mwanaasha yupo hapa na ameniruhusu niseme. Marehemu aliomba mnazi akapewa, ila habari ya msumari hakuiuliza, Petro akapanda akagongelea msumari wa inchi sita, wala hawakujua kwamba mnazi ule ulipandwa pale kilipozikwa kitovu cha binti wa Bi Mwanaasha, Naima, alipozaliwa, ukahesabiwa kuwa mti wake. Wiki ileile Naima, aliyekuwa amekwenda kufanya kazi Muscat, akawa hapatikani kwenye simu. Bi Mwanaasha alilia kwamba mwanawe amepigiliwa msumari, na ile sahani ya futari iliyokuwa ikivuka ua kila Ramadhani, mwaka ule haikuvuka.

Marehemu aliung'oa msumari, akaenda kuomba radhi, na hata Naima alipopiga, kumbe simu yake ilikuwa imeingia maji, shemeji hakuugusa tena mnazi ule. Aliufunga waya kutoka mkungu hadi pembe ya paa, chini mno, na kwa miezi mingi aliita asisikie kitu ila mikwaruzo. Iliniuma sana kumsikia, kwa sababu shemeji yangu hakuzoea kuita asijibiwe.

Kumbe Bi Mwanaasha naye alikuwa akisikia kila jioni, akaja mwenyewe, akasimama mlangoni, akamwambia, "Mama Flora, mie nilikataa msumari, kamba nani kakukataza?" Petro akapanda tena, safari hii na kamba ya katani, akatanguliza kipande cha mpira wa tairi mti usichubuke, Bi Mwanaasha mwenyewe akimwelekeza kutoka chini.

Jumapili tarehe 16 Februari 2020, alasiri, mwanamume mmoja wa Muscat, Muscat hiyohiyo, alimjibu kwa Kiswahili, maana bibi yake alizaliwa Kilwa Kivinje, wakasalimiana, wakaulizana mvua, wakaulizana chakula, basi. Shemeji alitoka nje analia na kucheka, na Bi Mwanaasha akaushika mnazi, akasema mti wa mwanawe umefika aliko. Ramadhani iliyofuata sahani ilivuka ua, na toka hapo, Jumapili wali ukiungua, tulijua kuna mtu amejibu.

Mwezi Novemba 2024 alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa hapa Masoko, kisha hospitali ya mkoa, Lindi, alikofariki Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka 66. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea kama mwenzao, wastaafu wenzake, jumuiya yetu, na majirani wote, na Bi Mwanaasha, ambaye jana alituletea futari huku akitukataza kuifungua ile kamba.

Jana alasiri Flora, ambaye naye sasa ana leseni, aliwasha redio atangaze msiba, na wakajibu mmoja baada ya mwingine, Muscat, Moroni, Nairobi, kila mmoja akimtaja marehemu kwa jina. Shemeji, uliita kwa salamu tu, nao wamejibu, na sisi wa hapa nyumbani tumekusikia vizuri. Sasa pumzika kwa amani.