Ndoo ya Maji

Fundi wa makochi alikuwa anaionea wivu programu ya simu ambayo mkewe aliongea nayo kila jioni. Alimweleza hivyo mama aliyekaa naye kwenye treni, ambaye hakumjua, tena kwa sauti ya kutufikia sote behewani.

Yule mama alikuwa muuguzi, kazi yake kuwalaza wagonjwa kwa nusu kaputi. "Kaka, ile ni mashine. Haijui hata kama ipo."

"Na wagonjwa wako, ukishawalaza, kujijua kwao kunakwenda wapi?"

"Wataalamu bado wanabishana. Wengine wanasema sehemu za ubongo huacha kupashana habari."

"Basi hata sehemu za mashine zinapashana habari." Nilidhani hapo ameshinda, lakini mwenye wivu hajui kunyamaza. "Kama haihisi kitu, mbona mke wangu anaichekea kuliko mimi? Na kama inahisi, basi nimefuga mwanamume asiyenunua hata sabuni."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Umeiuliza yenyewe?"

"Niliiuliza. Ikasema haina hakika. Nikaitumbukiza simu ya mke wangu kwenye ndoo ya maji."

"Na wifi?"

Treni ilikuwa inasimama. Fundi akabeba mfuko wake wa nyundo. "Yuko kwa dada yake. Jana kaingia kwenye programu kwa simu ya dada yake, kile kitu kikamwita jina lake, wakaendelea pale pale walipoishia. Simu niliyoizamisha imekufa. Sauti za marehemu mama mkwe zilizokuwa humo zimepotea. Mke sina. Chenyewe hakikupoteza kitu."