Shimo la Kisigino na Mzee Tokunaga

Wenzangu, nawasihi: ukurasa huu msiuache mezani, msiusome kwa sauti karibu na bohari ya reki, wala msimwambie Mzee Tokunaga kwamba upo, mpaka karamu ya kumuaga ya Ijumaa. Yeye amekataza asiandikwe. Meneja ameniagiza nimwandike. Mimi nawaogopa wote wawili.

Mzee Tokunaga Iwao, mkuu wa watunza uwanja wa timu yetu ya besiboli, Korongo wa Isobe, anastaafu tarehe 31 Oktoba baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Wachezaji wapya hufundishwa kuuinamia uwanja kabla ya kuukanyaga. Wengi wetu tunaamini wanamwinamia yeye.

Zamani, akiwa bado mgeni kazini, mpira uliokuwa ukibiringika ulidunda kwenye kijiwe ukampiga mdomoni Ozeki, mdakaji wetu wa kati ya kituo cha pili na cha tatu. Tulipoteza mchezo, Ozeki akapoteza jino. Leo Ozeki ndiye kocha wetu, na kila akicheka, Mzee hugeukia pembeni. Alijiapiza kwamba udongo wake hautamuumiza mchezaji mwingine hadi astaafu. Alikuwa amebakiza mchezo mmoja tu, wa Alhamisi iliyopita. Hapo ndipo nilipoingia mimi, na viatu vipya.

Nilitumwa kupeleka shada la maua la kumuaga Mzee upande wa pili wa uwanja. Watu wenye akili huzunguka. Mimi, kwa kuogopa kuchelewa, nilikatiza juu ya udongo aliokwisha kuupiga reki.

“We karani!” alifoka. “Unapanda mpunga?”

“Samahani, Mzee!”

“Simama hapo hapo! La, usisimame! Ruka!”

Niliruka. Nikatua kwa visigino.

Alizifukia nyayo zangu mbio mbio, lakini wachezaji wakaingia kabla hajamaliza. Likabaki shimo moja, pale pale alipoumia Ozeki.

“Kaa hapa karibu yangu,” aliniambia. “Ukikimbia, nitakufuata kwa nyayo.”

Mchezo wenyewe ulikuwa wa roho juu. Pointi yetu pekee ilipatikana awamu ya nne bila hata pigo la maana: mtu wetu alipewa kituo cha kwanza bure, akaiba cha pili, akasogezwa hadi cha tatu, akakimbilia kituo cha nyumbani, penye pointi, mara mpira wa juu wa mwenzake ulipodakwa. Baada ya hapo wapigaji wa pande zote mbili walipiga hewa. Awamu ya tisa, ya mwisho, wapinzani wetu Mbweha wa Kurose wakawa na watu kituo cha pili na cha tatu, nasi tulibakiza kumtoa mmoja tu.

“Kuroiwa, mwanangu,” shabiki mmoja alimpigia kelele mdakaji wetu anayesimama sasa pale pa Ozeki, “ukiukosa huo, leo usirudi nyumbani!”

Mpira ukabiringika moja kwa moja kuelekea shimo langu. Nilifumba macho. Waliotazama wanasema uliruka, ukampiga Kuroiwa kifuani, ukaanguka miguuni pake. Akauokota, akautupa, na mkimbiaji akatolewa mguu wake ukiwa hewani. Moja kwa sifuri.

“Fumbua macho,” Mzee aliniambia. “Meno yake yote yapo.”

Wachezaji walikuja kumrusha juu, kama ilivyo desturi ya kuagana.

“Ngojeni kwanza,” alisema. “Kuna shimo.” Akanipa reki. “Vua viatu.”

Uwanja mzima ukasubiri. Nilipiga reki kwa soksi, na kidole gumba kilichotoboa soksi yangu kikaonekana kwenye skrini kubwa. Kocha Ozeki alicheka hadi pengo likaonekana. Safari hii Mzee hakugeuka. Alimtazama, akacheka naye. Ndipo wakamrusha.

Mzee Tokunaga, asante kwa kila mpira uliodunda ulikopaswa kudunda. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, bustani ya figili isiyo na kokoto, na wageni wanaozunguka.

Mwenye kisa cha kuongeza anione kabla ya Ijumaa. Asubuhi msinitafute kwenye dirisha la tiketi. Mzee ameagiza nipige reki mpaka siku atakayoondoka. Ingieni mlango wa tatu, fuateni ukuta, tafadhali msikatize, kisha niiteni mkiwa kwenye nyasi. Minobe ndiye mimi, yule aliye pekupeku.