Mdudu Hajui Matanga

Padri, jamaa, majirani, na nyinyi wenzake wa msituni mliovaa kofia za kijani, mimi ni Apolena, dada mkubwa wa marehemu, na Radka, binti yake, ameniomba niwasimulie maisha ya baba yake, nami nitayasema kama ninavyoyakumbuka, maana wote waliomwona Vendelín akiwa kwenye nepi wameshatangulia, nimebaki mimi.

Vendelín Kopřiva alizaliwa hapa Olešinka tarehe 20 Oktoba 1944, siku ya Mtakatifu Vendelín, ndiyo maana akapewa jina hilo, mtoto wa nne na wa mwisho wa baba yetu Alois na mama yetu Filoména, alizaliwa vita haijaisha, na mama alikuwa akisema alilia kama msumeno butu, na sauti hiyo wote mnaijua, hakuibadilisha mpaka mwisho.

Shule alisoma hapa hapa kijijini, 1950 hadi 1959, kusoma alijua, kutulia kitini hakujua, akaenda kujifunza kazi ya misitu, na mwaka 1962 akaajiriwa msitu wa serikali, akakata na kupanda huko mpaka alipostaafu 2004. Msitu wetu wenyewe, ule wa mlima Kamenec aliopanda babu, serikali iliuchukua sisi tukiwa wadogo, ikaurudisha mwaka 1992, na siku hiyo Vendelín alipanda mlimani akawa anakumbatia msonobari mmoja mmoja, mpaka mkewe Zdislava akamwambia, "Mzee, mimi hujanikumbatia hivyo tangu harusi," naye akamjibu, "Wewe hawakukuchukua."

Huyo Zdislava alimwoa tarehe 14 Juni 1969, kanisa hili hili, mvua ikinyesha, na Mungu akawapa mtoto mmoja, Radka, tarehe 3 Machi 1971, ambaye mnamwona hapa mbele, macho ya mama, mikono ya baba.

Sasa nifike kwa mdudu wa gome, maana huwezi kusimulia maisha ya Vendelín ukamruka mdudu. Ni mdogo kama punje ya mchele, anatoboa gome la msonobari, anazaa humo ndani, watoto wake wanakula ule utando laini wa chini ya gome, na mti unakauka umesimama. Vendelín alipigana naye kama baba alivyopigana, baridi ikielekea kwisha anaangusha misonobari michache mizima, anailaza palepale, na mdudu akianza kuruka anafuata harufu ya mti uliolala, anazaa humo, nawe unangoja wajae, lakini wawe bado minyoo weupe, ndipo unabambua gome lote, wanakauka, wamekwisha. Ukichelewa wameota mabawa, na mtego wako umekuwa wodi ya wazazi.

Zdislava alifariki kwa saratani tarehe 28 Mei 2018, mwaka ule wa ukame, na Vendelín akajifungia ndani, hali, hanyoi ndevu, na mitego imelala Kamenec imejaa. Otakar Hruška, ambaye msitu wake unapakana na wetu, alikuja akagonga dirisha, "Vendelín, mitego!" akajibiwa, "Nimefiwa, Otakar," akasema, "Najua umefiwa, lakini mdudu hajui," na dirisha halikufunguliwa, na Otakar akarudi kwake, kwa sababu kwetu mti wa mtu hauguswi bila ruhusa ya mwenyewe. Vendelín alipotoka, gome lilikuwa matundu matupu kama limepigwa risasi za kuwindia ndege, na majani yalipoanza kupukutika kwenye miti mingine, upande wote wa juu wa Kamenec ulikuwa mwekundu kwa misonobari iliyokauka, wetu na wa Otakar.

Basi alikwenda kwa Otakar, akavua kofia mlangoni, akasema, "Jirani, nimekuchomea nyumba," na Otakar, ambaye alikuwa na haki ya kumfukuza, akamwambia, "Sasa unasimama tu mlangoni? Lete ndoo." Tangu hapo walikuwa wawili, walikata miti iliyokufa, wakapanda upya, si msonobari mtupu tena, wakachanganya na miti ya majani mapana, na Otakar akimchokoza, "Unapanda wewe mzee wa miaka sabini na nne, kivuli chake utakiona lini?" alimjibu, "Kivuli sitaki, nataka mtu wa kunishikia jembe."

Moyo ulianza kumsumbua Februari 2022, na Machi mwaka huu aliweka mitego yake ya mwisho, Radka akishika msumeno, yeye ameketi kwenye kisiki akitoa amri. Aprili akalazwa mjini, na siku mbili kabla hajafa nilikwenda kumtazama, nikamuuliza kama anataka padri, akasema, "Padri baadaye, dada, minyoo wana rangi gani?" Nikamwambia Radka ameinua gome, bado weupe. Akanishika mkono, akasema, "Mkinizika msikae ndani kunililia kama nilivyokaa mimi. Mdudu hajui matanga." Akafariki Jumapili tarehe 26 Mei 2024, alfajiri, padri alimwahi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliovumilia amri zake, tunawashukuru majirani mliopika, na wenzake wa msituni mliombeba leo, na wewe Otakar, toka nyuma ya nguzo, machozi si aibu.

Asubuhi hii Radka amepanda Kamenec na gauni lake jeusi, akainua gome, minyoo ni weupe, lakini wachache wameshaanza kujikunja ili wageuke, na upande wa chini wa mlima ndiko iliko misonobari ya babu, hiyo tu ndiyo iliyobaki. Tukitoka makaburini karibuni supu ya ini na bia, kunyweni lakini kwa kiasi, maana kesho saa moja asubuhi tunakutana mlimani, mwenye chuma cha kubambulia aje nacho, asiye nacho aje na sepetu kali, na mwenye mti, Radka, anatoa ruhusa mbele yenu nyote, guseni gome lolote. Nguo nzuri ziacheni nyumbani, utomvu hautoki.

Vendelín, mdogo wangu, wewe pumzika kwa amani. Sisi tutapumzika Jumapili.