Fundi Subiri, Aliyetoa Mguu Kwenye Cherehani

Ndugu, jamaa, majirani na wateja, poleni na msiba. Anayewasomea ni dada yake marehemu. Yeye ndiye aliyeniachia ziwa. Wasifu huu nimeuandika mwenyewe kwa sababu kaka yetu mkubwa alitaka kuandika kwamba marehemu alikuwa mcheshi. Marehemu hakuwa mcheshi hata chembe. Alikuwa msikivu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1956, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Sisi wengine watano tulirithi mdomo wa baba. Wakati wa kula tulisema wote kwa mpigo, na yeye alitafuna taratibu akimtazama anayesema. Mama akitaka kujua nani kavunja sahani, alimwita yeye pembeni, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kila kitu. Hakusema. Siri za utoto wetu amekwenda nazo zote, na wenzangu hapa wanashusha pumzi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza darasa la saba mwaka 1970. Kwenye ripoti mwalimu wa hesabu aliandika: "Anasikiliza vizuri. Tatizo hajibu." Baba alimchapa kwa sentensi ya pili, ya kwanza hakuisoma. Mwaka 1972 aliingia chuo cha ufundi, akahitimu ushonaji mwaka uliofuata.

Kuanzia 1974 alishona sare katika kiwanda cha nguo, hadi kilipopunguza wafanyakazi mwaka 1986. Alisema ile ilikuwa miaka ya upweke. Mashine zilivuma kiasi kwamba unakaa bega kwa bega na mtu na hujui kama mtoto wake anaumwa. Baada ya hapo akafungua kibanda chake chini ya ngazi za duka la vifaa vya ujenzi, na pale akaweka utaratibu wake: mteja akianza kuongea, mguu unatoka kwenye pedeli. Hakuweza kushona huku anasikiliza, au hakutaka. Matokeo yake nguo zilichelewa, na jina la Fundi Subiri likamganda. Tulimtetea kwamba haraka haraka haina baraka, lakini jamani, alizidi. Yuko bwana mmoja hapa aliyefuata suti yake asubuhi ya harusi akakuta suruali haina pindo. Alipofoka, marehemu akamjibu, "Jana nilikuwa nimeishika hiyo suruali. Wewe ukaanza kuniambia unavyoogopa kuoa, mpaka jioni. Nikushonee au nikusikilize?" Bwana harusi alioa na pindo la pini. Ndoa ipo mpaka leo.

Yeye mwenyewe alifunga ndoa tarehe 14 Novemba 1981 na binti aliyekuwa akiuza vifungo na nyuzi mtaa wa pili. Wifi husema wachumba wengine wote walikuja kujisifu. "Huyu aliniuliza swali, halafu akanyamaza kusubiri jibu. Nikajua nimekwisha." Walijaliwa watoto watatu.

Januari mwaka jana alianza kushindwa kumeza. Alikwenda zahanati akamwambia daktari, "Chakula kinakwama hapa." Kabla hajafikisha kidole kwenye koo, daktari alikuwa ameshaanza kuandika. Akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Akarudi tena, akapewa zilezile. Septemba, hospitali kubwa ikakuta saratani ya koo, na imeshasambaa. Sitamung'unya maneno: nina hasira, na nitakaa nayo muda mrefu.

Wakatuambia pia kwamba sauti itakatika. Wageni walifurika nyumbani, na walikuja kwa wema. Lakini mtu akishakaa karibu na kitanda, mazoea yalimshinda, akaanza kumweleza mgonjwa habari za mpangaji wake, mkwe wake, goti lake. Marehemu aliwasikiliza. Kuna neno moja tu alilotaka kulisema yeye, na kila alipolianza alikatizwa. "Naogopa," alisema. "Aa, fundi, usiseme hivyo! Utapona, utatushonea tena." Walimkatiza kwa upendo, na upendo ule ulimziba mdomo kabla ya ugonjwa. Nilimwona akiwatikisia kichwa kuwakubalia, ili wasijisikie vibaya.

Jumapili ya tarehe 4 Februari, wifi aliwatoa watu wote, mimi nikiwamo, akavuta stuli. Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri.

"Haya, baba watoto. Sema."

"Naogopa."

Hakumwambia atapona. Alimuuliza, "Unaogopa nini?" Kisha akanyamaza, na mimi nikaondoka mlangoni. Aliongea kutwa nzima kwa sauti ile ya kukwaruza. Nilipowapelekea chai walikuwa wameshikana mikono na wote wawili wamelia. Nilimwomba wifi anipe japo kidogo cha yaliyosemwa niyaweke humu. Amekataa, na ana haki.

Sauti ilikatika siku chache baadaye. Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake, Jumanne tarehe 20 Februari 2024, saa nne asubuhi, wifi akiwa kwenye stuli ileile.

Ameacha watoto watatu, wajukuu wanne, na ndugu watano ambao leo, kwa mara ya kwanza, hatuna la kusema. Ameacha mjane. Tangu Jumanne tunamwambia ajikaze, Mungu yupo, usilie hivyo mama. Jana alinishika mkono akaniambia, "Wifi, naogopa. Niandikie humo, ulisome vilevile, maana nikilisema mwenyewe hamtaniacha nimalize."

Nimelisoma. Atakuwa nyumbani kuanzia leo jioni. Mkija, kaeni chini, mnyamaze, mumwache aseme.

Kaka yetu na alale salama.