Maisha ya Dada Inua, Muuguzi wa Wodi ya Mahututi

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Dada Inua, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkewe. Alisoma shule ya msingi nyuma ya kiwanda cha mbao, akahitimu uuguzi mwaka 1982 kwa ukaidi mtupu, maana baba alitaka arithi cherehani.

Alipangiwa wodi ya mahututi. Mwaka wake wa pili, mgonjwa mmoja alilishwa kwa mpira wa puani akiwa amelala chali. Chakula kikapanda, kikaingia mapafuni, akafa. Si marehemu aliyemlisha, lakini alilia kama mfiwa, kisha akaapa kwamba jambo hilo halitatokea tena mbele ya macho yake. Tangu hapo wimbo wake ukawa mmoja: inua kichwa cha kitanda, hakikisha mpira uko tumboni, ndipo umimine.

Wauguzi wapya walimwona msumbufu. Mmoja alithubutu kumwambia, "Dada, hayo tulishasoma chuoni." Marehemu akamlaza chali, akampa kijiko cha uji. "Haya, meza." Uji ukatokea puani. "Sasa ndiyo umesoma," akasema, akimpa kitambaa.

Mwaka 1988 aliolewa na fundi umeme wa hospitali, aliyekuja kubadilisha taa akaamriwa kwanza asaidie kuinua kitanda. Walijaliwa watoto watatu, na hakuna aliyethubutu kula amelala.

Novemba iliyopita kiharusi kilimnyang'anya usemi na upande wa kulia. Akarudi wodi yake ileile, safari hii yeye ndiye mwenye mpira puani. Asubuhi moja muuguzi mwenye haraka alileta chakula, kitanda kikiwa bapa. Marehemu akaukunja mpira kwa mkono wa kushoto, akaung'ang'ania. Akabembelezwa, wapi! Ndipo muuguzi mkuu, yule yule wa uji, akatokea mlangoni.

"Mwenzangu, mama hajakataa chakula. Inua kitanda."

Kilipoinuliwa, mkono ukaachia.

Alifariki tarehe 2 Februari mwaka huu, kwa kiharusi cha pili. Daktari alituambia mapafu yake yalikuwa safi, na sisi tulijua ni kwa nini.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume na wajukuu watano. Leo tunamlaza chali, na kwa mara ya kwanza hapingi. Apumzike kwa amani. Vitanda vilivyobaki, wauguzi wake mpo hapa: inueni.