Farangis Deylami na Neno "Kulazwa"

Ndugu wa familia, majirani, madereva wenzake wa tramu, na ninyi nyote mliosimama nyuma kwa sababu viti vimekwisha, familia imemtuma mkwe wa marehemu, Ramin, awasomee maisha ya Bi Farangis Deylami, kwa kuwa binti yake wa pekee, Golnar, sauti imemkauka tangu juzi, na mkwe anaomba mapema mumvumilie, maana yaliyoandikwa humu si yote mnayoyajua, na yupo mtu aliye hai, mbali na hapa Gothenburg, anayeweza kuumizwa nayo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 mjini Lahijan, mkoa wa Gilan, nchini Iran, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Gholam Deylami, mpimaji wa mizani katika kiwanda cha chai, na Bi Sakineh, na baada yake, mwezi Juni 1963, akazaliwa mdogo wake wa pekee, Jahangir. Mama yao alifariki Novemba 1971, Farangis akiwa na miaka kumi na minne na Jahangir minane, na tangu siku hiyo dada ndiye aliyempikia, aliyemfulia, aliyemkaririsha jedwali la kuzidisha, na aliyemchapa kwa ufagio wa jikoni alipotoroka shule kwenda kuogelea, jambo ambalo Jahangir, ambaye sasa ana wajukuu, bado hulisimulia huku akijipapasa mgongo.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapo hapo Lahijan, akamaliza mwaka 1975, akajiunga na chuo cha ualimu mjini Rasht, akapata cheti chake mwaka 1977, akafundisha jiografia kwa miaka minne, mpaka tarehe 2 Septemba 1981 alipoitwa ofisini pamoja na walimu wengine sita na kuambiwa asirudi tena darasani, bila kupewa sababu wala barua. Alifunga ndoa na Bwana Nosrat Pirooz, mpimaji ardhi, tarehe 12 Juni 1980, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Golnar, aliyezaliwa tarehe 20 Februari 1982, na familia hiyo ya watu watatu ilivuka kwenda Uturuki mwaka 1986, ikafika Gothenburg tarehe 3 Novemba 1987, wakati wa baridi, Golnar akiwa amevaa soksi za baba yake mikononi. Bwana Nosrat alitutoka mwaka 2009.

Hapa alifanya usafi maofisini kwa miaka sita, halafu tarehe 15 Agosti 1994 akaanza kuendesha tramu, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2023, na wenzake watakubali kwamba hakuwahi kuchelewa wala kumkosea abiria adabu, ingawa mkwe wake alipokwenda kuposa alitazamwa kuanzia viatu mpaka nywele kama mtu aliyepanda bila tiketi, na mtazamo huo haukumtoka mama mkwe mpaka mjukuu alipozaliwa.

Alikuwa mwanachama mwaminifu wa chama cha wafanyakazi, na kila Mei Mosi alitembea na wenzake akiwa ameshika bango la nchi ya watu wengine, mwaka huu hawa, mwaka ujao wale, nchi ambazo nyingine alizijua kwa ramani tu, za wakati alipokuwa mwalimu. Kwa hiyo msichana mmoja alipofia mikononi mwa polisi wa maadili kule Tehran mwaka 2022, na wasichana wa shule wakavua vitambaa vya kichwa barabarani na kupigwa risasi, marehemu alisimama kwenye kikao cha tarehe 5 Oktoba akaomba, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minane, bango la kwao. Mwenyekiti wa tawi, Bi Gunnel Sandahl, ambaye yupo nasi leo na amekubali jina lake litajwe, alimjibu kwa upole, "Farangis mpenzi, jambo hili ni gumu. Tukilishika, watafurahi watu wabaya wanaowachukia wageni."

"Kwa hiyo maiti wetu wasubiri mpaka watu wabaya wakalale?" marehemu akauliza, akachukua koti lake, akatoka.

Akaanza kusimama peke yake, kisha na wenzetu mnaomfahamu, kila Jumamosi saa saba mchana kwenye uwanja wa mbele ya ukumbi wa jiji, na alisimama akiwa amevaa barakoa, miwani myeusi na kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi, kwa sababu Jahangir alikuwa bado Lahijan na duka lake dogo la vifaa vya umeme, na kila mtu hapa anajua kwamba picha inayopigwa Gothenburg mchana inaweza kuwa mezani mwa mtu kule kabla ya jua kuzama. Wengi wenu mlimtania, mkamwita jambazi wa benki, naye akacheka, ila barakoa hakuivua.

Hapa ndipo familia inapolazimika kueleza jambo la ndani. Tangu Juni 2009, simu za kule zilipoanza kusikilizwa na serikali, nyumba ya Deylami ilikuwa na lugha yake ya simu, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za watu walioketi humu, mvua ikiwa na maana ya askari barabarani, harusi ikiwa maandamano, kulazwa hospitali ikiwa kukamatwa, na kupona ikiwa kuachiwa. Lugha hiyo ilitufaa sana, lakini ilikuwa na upungufu mmoja ambao hakuna aliyeuona kwa miaka kumi na mitatu, yaani haikuwa na neno la mtu kuumwa kweli.

Alhamisi tarehe 12 Januari 2023, Mehri, mke wa Jahangir, alipiga simu akilia, akasema, "Dada, Jahan amelazwa Rasht tangu juzi."

"Amelazwa?"

"Amelazwa, dada, nikwambieje tena? Hawaturuhusu kumwona. Wamemfunga mipira mikono yote miwili."

"Nani alimpeleka?"

"Walikuja na gari, wakamtoa dukani."

Mehri alikuwa anasema kweli tupu, gari lilikuwa la wagonjwa, mipira ilikuwa ya dawa, na mumewe alikuwa chumba cha mahututi kwa sababu ya moyo, ila kwa hofu alisahau kabisa kwamba maneno hayo yalikwisha kupewa kazi nyingine. Marehemu naye hakuweza kuuliza zaidi, kwa kuwa kuuliza kungekuwa kufichua, akamwambia tu wifi yake amwombee mgonjwa, akakata simu, akakaa jikoni mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, tarehe 14 Januari, alikwenda uwanjani bila barakoa, bila miwani, kichwa wazi, akiwa na picha kubwa ya Jahangir na maandishi ya lugha tatu, Mwachieni huru Jahangir Deylami, akasema mbele ya kamera jina la mji, mtaa na duka, na mlimshangilia, na wengine mlilia, na kabla ya usiku kuingia watu elfu themanini walikuwa wamemwona mtandaoni. Jumatatu Jahangir alizinduka. Jumanne wanaume wawili walivuta viti wakakaa pembeni mwa kitanda chake, wakamwonyesha video, wakamuuliza ni nani alimwambia dada yake kwamba amefungwa, na Ijumaa tarehe 20, daktari alipomruhusu kutoka, walimpokea mlangoni wakiwa wameshika mkoba wake wa dawa.

Tarehe 24 Januari marehemu alipigiwa simu na mwanamume mwenye sauti nzuri na adabu nyingi, aliyemwita mama mheshimiwa na kumuuliza hali ya mjukuu kwa jina. Akamwambia, "Sisi hatuna ugomvi na wewe, mama. Mdogo wako ni mgeni wetu, na moyo wake, kama unavyojua, ni dhaifu. Ukinyamaza kuhusu sisi, atarudi kula kwake. Usimwambie mtu kwamba tumeongea, hata binti yako. Wengine walilie unavyotaka, dunia haina uhaba wa machozi."

Marehemu alinyamaza. Jahangir aliachiwa tarehe 6 Aprili 2023, baada ya siku sabini na sita, akitembea kwa mkongojo, sikio la kushoto halisikii tena.

Sasa mnajua kwa nini Jumamosi mlimkosa. Mkwe wake alimwona akihama chumba simu ikilia, akamwona akikaa kwanza kwenye kiti, akishika meza, ndipo apokee namba ya kwao, akadhani ni uzee, akamnunulia vidonge vya usingizi, mkwe mjinga kama tulivyo wakwe wengi. Aliogopa posta, aliogopa mgeni aliyesalimia kwa Kiajemi kwenye lifti, aliogopa mjukuu akipigwa picha shuleni, na hofu hiyo aliibeba peke yake, na sisi tuliokula mezani kwake kila Ijumaa hatukumuuliza.

Lakini kukaa ndani hakuweza, miguu yake haikuzoea, kwa hiyo kila Alhamisi akaenda kusimama na akina mama wa Sudan mbele ya maktaba, akajifunza majina ya miji yao na majina ya watoto wao waliopotea, akawapelekea chai ya Lahijan kwenye chupa, na hapo ndipo watu wake walipomgeuka. Bwana Tahmures, mwenye duka letu la vyakula, ambaye tende mlizokula mlangoni ametoa yeye na zimetushuka kwa shida, alimuuliza mbele ya foleni nzima, "Bi Farangis, umeolewa Sudan? Wa kwako wananyongwa, wewe unalilia wa jirani!" Akina mama wawili walihamisha viti siku ya Mwaka Mpya wa Kiajemi alipokaa karibu nao. Mtu ambaye hatumjui alitumbukiza karatasi mlangoni kwake yenye neno moja, mnafiki. Marehemu aliikunja, akaiweka kwenye droo ya vijiko, na mchele aliendelea kuununua kwa Bwana Tahmures kama kawaida.

Na Bi Gunnel, tumtendee haki, alirudi. Mwezi Aprili 2023 chama kilibadilisha mawazo, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne na keki ya mdalasini, akamwomba mwenzake msamaha, akamwomba Mei Mosi ashike bango la Iran mstari wa mbele. Marehemu akamwambia, "Gunnel, jambo hili ni gumu." Bi Gunnel alishuka akiamini amelipizwa kisasi, na ameishi na hilo karibu miaka miwili, mpaka Jumatano iliyopita tulipomwambia.

Marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho tarehe 19 Agosti 2024, akatibiwa kwa uvumilivu, na tarehe 3 Februari 2025 akamtuma Golnar kununua machungwa asiyoyahitaji, akamshika mkwe wake mkono, akamweleza haya yote, akamalizia, "Golnar usimwambie, atapiga kelele." Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Mkwe hakulitii neno lake la mwisho, na Golnar kweli alipiga kelele, ndiyo sababu ya sauti yake leo.

Historia ya kwanza tuliyoiandika ilisema marehemu alipenda haki na amani, basi, na tulikuwa tayari kuisoma hiyo, kwa sababu tunaogopa, hatuoni haya kusema. Tulimpigia Jahangir kumsomea, tukimwomba aondoe lolote linaloweza kumdhuru, na katika kuzungumza tukagundua kwamba yeye mwenyewe hakujua kitu juu ya ile simu ya tarehe 24. Ndani walimwambia dada yake amemuuza apate umaarufu, na kwamba baada ya hapo amemsahau, sasa anaandamana na Wasudani, wakamwonyesha na picha. Kwa miaka miwili alizungumza naye habari za hewa na bei ya vitunguu, akimwekea kinyongo, naye dada akimjibu habari za hewa. Tulipomaliza kumweleza akasema, "Someni yote. Jina langu msiliruke."

Tulimwambia, mjomba, watakujia. Juzi walikuwa wamekwisha kupita dukani kuuliza dada yake anazikwa siku gani. Akasema, "Nimesikia. Someni."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, majirani wa ghorofa ya nne waliopika zamu kwa zamu, madereva waliopiga kengele za tramu asubuhi ya leo, akina mama wa Sudan waliomwosha pamoja na binti yake, na ninyi mliomnunia pia, kwa kuwa mmekuja. Jahangir anatusikiliza kwa simu hii iliyo juu ya meza, na huenda si yeye peke yake anayesikiliza, nasi hatujui kesho atapokea simu yetu au la.

Bi Farangis, Jahangir Deylami, mwana wa Gholam, wa Lahijan, anasema sasa amejua, na anakuomba msamaha kwa kila siku aliyokuzungumzia habari za hewa. Pumzika, dada yake, pumzika kwa amani ambayo hatukujua kwamba hukuwa nayo.