Pengo la Upande wa Kaskazini

Mgeni rasmi, Mhashamu Baba Askofu Gervase Lowther, mchungaji wetu, ndugu mlioketi, na ninyi mliosimama kwa kukosa nafasi, jambo ambalo hatujaliona hapa kwa muda mrefu:

Sisi wana wa parokia ya Mtakatifu Kenelm, kijiji cha Harscombe, tunakupokea kwa furaha. Tunajua umekuja kuamua kama kanisa hili lifungwe au libaki wazi, na hatutajifanya hatujui. Hata hivyo karibu sana. Kiti ulichokalia ndicho imara kuliko vyote tulivyo navyo.

KANISA LENYEWE

Mhashamu, mababu zetu walilijenga kanisa hili kwa mawe ya kilima unachokiona dirishani. Tazama nguzo. Za kusini ni nene na za mviringo. Za kaskazini ni nyembamba, tena hazielekeani sawasawa na zile za kusini. Wageni hudhani fundi alikuwa amelewa. La hasha. Tauni iliingia katikati ya ujenzi ikawafagia mafundi, na yatima wao ndio waliokuja kumalizia walipokua, kwa mtindo wa zama zao. Walikuta nusu ya kanisa. Hawakuibomoa wala hawakuitelekeza. Tunajivunia upogo huo kuliko kitu chochote.

Juu ya nguzo iliyo karibu nawe kuna uso wa jiwe, mtu anayevuta shavu kwa maumivu ya jino. Pua ile ni ya ukoo wa Tilley. Bwana Amosi Tilley, mzee wetu wa kanisa, hukataa katakata, lakini akikataa hugeuka pembeni, nasi tunaziona pua zote mbili kwa pamoja.

KULIKUMBATIA KANISA

Kila mwaka, Jumapili ya mtakatifu wetu, tunatoka nje, tunashikana mikono na kulizunguka kanisa zima, nyuso zikielekea ukutani. Duara likifunga, tunaimba. Lisipofunga, hatuimbi. Na yeyote aliyeshika mkono katika duara lile ni mtu wa Harscombe mpaka anaingia kaburini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mateka wa Kiitaliano aliyekuwa akilima mashamba yetu, jina lake Ettore, aliitwa kuziba nafasi. Vita vilipokwisha alikwenda kwao kumuaga mama yake, akarudi. Kaburi lake liko karibu na lango, na maua yake hayakauki.

CHANGAMOTO

Paa linavuja, hilo unaliona kwa ndoo zilizo miguuni pako. Vijana wamehamia mijini. Lakini kilichotuuma ni cha mwaka jana: duara halikufunga. Tulijinyoosha mpaka mabega yakalia, bado kukabaki pengo upande wa kaskazini, kati ya Bwana Amosi na mpiga kengele wetu, Bi Edith Garland. Bwana Amosi akaleta kamba ya kengele ili waishike huku na huku.

Bi Edith akaitazama. “Kamba si mkono, Amosi.”

“Basi mwite mjukuu wako aje kutoka Australia.”

“Nimemwita. Wewe wako umewaita?”

Bwana Amosi akaikunja kamba yake. Hatukuimba. Tulikunywa chai tukarudi majumbani, na wengine wetu tulilia njiani, hatuoni haya kulisema.

MAOMBI

Mhashamu, tuliandaa maombi mengi, ya paa na ya ndoo. Jana Bi Edith alituambia tuyafute yote tubakize moja. Mwaka huu wajukuu wamekuja, hata wa Australia yuko hapa. Asubuhi tumejipanga nje kujaribu. Limebaki pengo la mtu mmoja, palepale upande wa kaskazini.

Risala hii ikiisha tunatoka. Uamuzi ni wako, nasi tutaupokea. Ombi letu ni kwamba kabla hujautoa, uende ukasimame kati ya Bwana Amosi na Bi Edith, na uwape mikono. Bi Edith ameshavua glavu zake.

Mungu aliyewapa yatima wale moyo wa kumalizia akulinde, akupe afya na usingizi mwema.

Ni sisi, watu wa Harscombe; na wewe, ukitoka nasi.